Miundu Isiyonuka

Kwetu mtu akihamia na kujitapa kuwa ni mhunzi, tunamwambia kwanza atembee. Akikanyaga sawasawa tunamkaribisha bia, tunamsikiliza hadithi zake, na kesho yake tunampa kazi ya kuchunga mbuzi. Mhunzi wa kweli huchechemea. Baba yangu Wawala alichechemea, babu alichechemea, na kaka yangu Kulziat alianza kuchechemea akiwa hajafikisha miaka thelathini. Kijiji kizima kikafurahi kwamba shaba yetu iko mikononi mwa mtu wa kuaminika.

Mimi naitwa Kunniya, ni mfinyanzi. Vyungu vya kuyeyushia shaba alivyotumia Kulziat ni vyangu, na kalibu za udongo ni zangu. Sijawahi kusikia mtu akisema chungu changu kimepasuka juu ya moto, isipokuwa mke wa mkubwa wetu wa kijiji, Hapuashu, na yeye alikiangusha mwenyewe. Tanuri langu na kiwanda cha kaka yangu vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matope, kwa hiyo habari zake sikuhadithiwa na mtu.

Kulziat alikuwa mpole kupita kiasi. Mtu akimletea shoka lililovunjika kwa uzembe wake na kudai liliharibika lenyewe, alilipokea na kulitengeneza bila neno. Halafu alikuja kulalamika kwangu, na mimi ndiye niliyekwenda kugombana. Mkewe alifariki akimzaa Tamuria, naye hakuoa tena. Alisema hana nguvu ya kuzoea nyayo za mtu mwingine ndani ya nyumba. Binti yule alimlea kando ya moto, akamfundisha kusoma rangi ya shaba inapoyeyuka kama akina mama wanavyowafundisha binti zao kuonja mchuzi. Tamuria alipofika miaka kumi na minane alikuwa anavuta mivukuto, anamimina, anagonga, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ya babake. Mikono ya Kulziat wakati huo ilishalegea. Nyundo ilimponyoka, na kikombe alikishika kwa viganja viwili.

Shaba tupu ni laini. Mundu wa shaba tupu ukikata shayiri asubuhi, mchana umejikunja kama sikio la mbuzi. Kwa hiyo wahunzi wetu hutia jiwe jekundu linalochimbwa milima ya kaskazini, nayo shaba inakuwa ngumu na kung'aa weupe kidogo. Jiwe hilo likipata moto hutoa moshi unaonuka kitunguu saumu. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya kuvuna, mundu mmoja huchaguliwa kutoka kapu la mhunzi, ukatiwa motoni, na bibi Nakilia akaunusa mbele ya watu wote. Akisema "Ipo", yaani harufu ipo, tunaanza kuvuna. Akisema "Haipo", mhunzi anatakiwa kuyeyusha miundu yote na kuanza upya, ndege wakijilia shayiri yetu. Zamani za baba yangu, mhunzi mmoja wa ng'ambo ya mto alituletea miundu ya shaba tupu, ikajikunja yote siku moja, na majira yale ya baridi watu walikula magugu. Toka siku hiyo kijiji kinaiamini pua kuliko macho.

Basi, siku moja wakati wa kukamua zabibu, nilipeleka vyungu viwili kiwandani. Tamuria alikuwa akinisimulia kisa cha jirani na punda wake, anacheka, anavuta mivukuto. Kaa la moto likaruka, likatua juu ya mguu wake. Yeye akaendelea na kisa. Mimi nilisikia harufu ya ngozi ikiungua, nikadhani kuna mtu anababua kichwa cha kondoo. Kulziat peke yake ndiye aliyetazama chini. Alilitoa lile kaa kwa mkono wake, na ngozi ya mguu ikatoka nalo.

Tamuria aliutazama mguu, kisha akatabasamu uso mzima. "Baba, sijahisi kitu," akasema. "Nimeiva."

Hivyo ndivyo tunavyosema kwetu. Mhunzi akifa ganzi miguuni, tunasema ameiva, mungu wa moto amemshika kifundo kumwambia kwamba sasa ni wake. Aliyeiva hufungwa mkanda mwekundu siku ya mavuno, mbele ya watu. Kabla jua halijatua habari zilishamfikia Hapuashu, naye akaja na mtungi wa bia. Akatangaza kwamba mavuno yajayo Tamuria atavaa mkanda, mwanamke wa kwanza kuuvaa. Watu wakaketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake. Nilimshikia Kulziat mrija mdomoni, kwa sababu vidole vyake haviukamati, nikaona hanywi. Alikuwa analia kimyakimya.

"Kaka, kulikoni?"

"Baba alikufa akilishwa kama kinda la ndege," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nitakufa vivyo hivyo, nimeshakubali. Huyu sikubali."

 Nilikwenda kulala na maneno yale, nikaamka nayo, na asubuhi, nikiwa napanga vyungu tanurini, jibu likanijia. Nilizunguka ukuta nikamwambia kwamba mimi nimekaa na moto miaka arobaini, tena moto mkubwa kuliko wake, na hadi leo nikikanyaga kokoto napiga kelele. Kama moto ndio unaokula miguu, yangu ingeliwa zamani. Lazima yeye ana kitu ambacho mimi sina.

 Akakitazama kigunia cha mawe mekundu kilichoegemea mlango. Kikulacho ki nguoni mwako. Baba yetu alikuwa akikifanya mto wa kulalia mchana.

Tamuria hakutaka kusikia. Alisema huo ni wivu wa wafinyanzi, na kwamba shangazi siku zote anajua kila kitu. Kulziat alimwambia taratibu kwamba kuanzia siku hiyo jiwe jekundu halitaingia motoni.

"Unataka nichekwe," binti akasema. "Mhunzi anayetembea kama bi harusi. Nani ataniletea shaba yake?"

"Bora uchekwe."

"Rahisi kusema, baba. Wewe mkanda unao."

Kulziat akaufungua mkanda wake, ule ule aliourithi kwa baba, akauweka juu ya makaa. Nilimwita mwendawazimu, nikajaribu kuuopoa kwa koleo, lakini sufu haichelewi kuungua. Tamuria alitoka nje, na siku mbili hakusema na yeyote kati yetu.

Tulikuwa tumesikia kwamba mjini Kanesh wahunzi wanachanganya shaba na kitu kingine, cheupe, laini, kinacholetwa na misafara ya punda ya watu wa Ashuru. Kijijini kwetu kilikuwa kichekesho: shaba ya watu wa mjini, haina hata harufu. Nikampandisha kaka yangu juu ya punda tukaenda, mwendo wa siku mbili. Tulipoulizia mhunzi tukaonyeshwa ua mmoja, na tulipochungulia tukamkuta mzee mwenye mvi, mikono myeusi kwa masizi, anafukuzwa na mkewe kwa mwiko. Alizunguka kisima mara tatu. Sijui alikuwa amefanya nini, na sikuuliza. Kulziat alikuwa anamtazama miguu tu.

"Anakimbia," aliniambia, kama vile mimi sina macho. "Kunniya, mhunzi yule anakimbia."

Nilitoa vitambaa vitatu vya sufu, nilivyovifuma kwa macho yangu haya mabovu, tukarudi na kipande cha kile kitu cheupe, bati, cha ukubwa wa mkate, pamoja na maelezo ya yule mzee: sehemu moja ya bati kwa tisa za shaba mpya, wala usiguse shaba ya zamani iliyokwisha kula jiwe. Mawe mekundu tukayafukia mbali na chemchemi. Shimo nilichimba mimi, bila shaka.

Majira yote ya baridi Tamuria alifanya kazi amenuna. Lakini alifanya, maana ndiye aliyekuwa na mikono. Miundu arobaini ilitoka, ya rangi ya asali, migumu. Niliona akijaribu mmoja kwenye tawi la mwaloni akidhani hakuna mtu, kisha akaangalia makali yake, akautazama tena mti. Kukiri kwamba amekosea, hawezi. Ni mtoto wa familia yetu.

Kadiri shayiri ilivyozidi kugeuka rangi, ndivyo Kulziat alivyozidi kukonda. Miundu ilikuwa mizuri, ila haikunuka. Nakilia akisema "Haipo", kijiji kingedai jiwe jekundu lirudi, na miundu arobaini ingepaswa kuyeyushwa upya katika siku kumi. Mikono ya kaka yangu isingeweza. Tamuria ndiye angekaa juu ya ule moshi siku zote kumi, na sidhani kama angeinuka kwa miguu yake. Nilimwambia Kulziat aende akamweleze Hapuashu ukweli mapema. Alifika hadi mlangoni kwake, akamsifia mbwa wake, akarudi.

Hapo ndipo nilipotoa wazo la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa. Nilisema tuipake kitunguu saumu. Nikaponda vichwa ishirini, nikachanganya na mafuta ya mkia wa kondoo ili vishike, nikapaka miundu yote, kwa sababu hatukujua utachaguliwa upi. Tamuria alitutazama, akasema sisi wawili tumezeeka vibaya.

Siku ya mavuno mbwa wanne walilifuata kapu kutoka nyumbani hadi shambani. Niliwarushia mawe, wakakaa kando wakingoja. Hapuashu, ambaye hamwamini hata mamaye, alipitisha mkono hadi chini kabisa ya kapu akatoa mundu, akautia motoni. Mafuta yakashika. Mundu uliwaka kama mwenge, moshi ukapanda, na harufu iliyotoka ilikuwa ya harusi. Watu walimeza mate. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama mkate umeletwa.

Bibi Nakilia akaongozwa mbele. Akainama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama afanyavyo kila mwaka.

"Ipo," akasema.

Watu wakatazamana. Hapuashu alisema polepole kwamba kwa pua yake yeye, huyo ni kondoo wa kuchoma. Nakilia akashikilia kuwa harufu ipo. Hapuashu akamwambia aendelee kufumba macho, akainama, akavua kiatu chake, ambacho alikivaa majira mawili ya joto bila kukipumzisha, akakiweka chini ya pua ya bibi.

"Na hii?"

"Ipo pia," akasema Nakilia. "Tena nzuri."

Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Mke wa Hapuashu alikaa chini. Nakilia akafumbua macho, akakiona kiatu, naye akaweka mikono kiunoni.

"Haya, chekeni," akasema. "Sinusi kitu tangu mwaka wa nzige. Ningesema, mngenipeleka kulinda kuku."

Mwaka wa nzige ni miaka tisa iliyopita. Mavuno tisa. Hapuashu, kiatu mkononi, akamwuliza alikuwa anajuaje basi. Bibi akamjibu kwamba hakuwa anajua. Wao walitaka kuvuna, na yeye alitaka kwenda kukaa kivulini, ndipo akawa anasema ipo.

Kicheko kilipopungua, macho yote yakamgeukia kaka yangu. Nilifungua mdomo kusema kwamba kitunguu ni changu, lakini alinitangulia. Alichechemea hadi katikati, akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema hadharani maisha yake yote.

"Humo hamna jiwe jekundu. Tumepaka kitunguu kwa sababu nilikuwa mwoga. Jiwe lile ndilo linalotuua miguu, wala si mungu. Siliweki tena motoni, na binti yangu haliweki. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni, ila mniazime punda, kwa kuwa siwezi kutembea."

  Hapuashu alikuwa ameukunja uso, na ninamjua, ni mtu anayeweza kukataa jambo zuri kwa sababu tu hakulisema yeye. Ndipo Tamuria alipotoka kati ya wasichana wenzake, akachukua mundu kapuni, akaupangusa mafuta kwenye sketi, akaingia kwenye shayiri. Hakumtazama mtu. Akakata fungu, akakata jingine. Rafiki zake wakamfuata, kisha mama zao, maana jua lilikuwa linapanda na tumbo halingoji shauri la wazee. Hapuashu alivaa kiatu chake, akasema mchana tutaona, akachukua mundu naye.

Mchana tukaona. Wabishi waliokuja na miundu yao ya zamani walikuwa wamekwenda kwenye jiwe la kunolea mara ya tatu. Ile ya Tamuria ilikuwa bado inakata. Mtoto wa Hapuashu alimwomba babake wabadilishane, akaambiwa aende zake. Tulipoketi kula, Hapuashu akamwuliza Kulziat, kana kwamba anauliza habari za mtu wa mbali, kile kitu cheupe kinaitwaje. Kulziat akamwambia kinaitwa bati. Hapuashu akasema ni jina la kipuuzi, na kwamba mwaka ujao aletewe na shoka la namna hiyo. Ndivyo tu. Nikakaa juu ya mganda wa mtu, na aliponiambia niondoke sikuweza.

Lakini kaka yangu alikuwa bado hajakaa sawa. Nilimwona anakula bila kuonja, anamtazama binti yake tu. Jiwe tulikwisha kulishinda, ila miezi minane ilikuwa imepita tangu lile kaa, na hatukujua kama tuliwahi au tulichelewa. Tamuria mwenyewe hakusema lolote, nasi tuliogopa kuuliza. Mimi, ambaye huuliza kila kitu, niliogopa.

Alasiri wasichana waliingia kwenye mabua yaliyokatwa kufunga miganda. Wengi walivaa viatu. Tamuria alikuwa peku, kama wahunzi wote wanavyotembea, kwa kuwa hawana haja. Alifunga mganda wa kwanza, akafunga wa pili. Alipokwenda kwenye wa tatu akasimama kwa mguu mmoja. Akaushusha mwingine polepole, akaunyanyua haraka.

Kulziat aliinuka. Sijui aliinukaje bila kushikwa, lakini aliinuka, akaenda huku akipepesuka juu ya mabua yale ambayo yeye hakuyahisi hata kidogo, na mimi nyuma yake.

"Nini?" akamwuliza.

"Yananichoma," Tamuria akasema. Uso wake ulikuwa na hasira, halafu ukaacha kuwa na hasira. "Baba, yananichoma."

"Wapi? Nionyeshe."

Akakaa chini akamwonyesha, chini ya kidole kikubwa. Kulziat akapiga magoti, akaushika mguu kwa viganja vyake viwili, akapabonyeza mahali pale kwa bua. Tamuria akauvuta mguu na kumwambia unauma. Akabonyeza tena, pembeni kidogo. Unauma pia. Akabonyeza kisigino. Akabonyeza mguu wa pili. Kila mara binti aliruka na kumgombeza, na kila mara yeye aliomba samahani akarudia, machozi yanamtiririka hadi ndevuni, mpaka Tamuria akaanza kucheka na kulia pamoja, akamkumbatia kichwa ili aache.

Mimi nililia kwa sauti, sina aibu kusema. Hapuashu alisimama mbali na mkanda mwekundu mkononi, hajui aufanyie nini, mwisho akaufungia mganda wa shayiri. Tamuria akaniita.

"Shangazi, niazime viatu."

Nikavua nikampa. Nikarudi nyumbani peku kupitia shamba zima, nikichomwa kila hatua, wala sikulalamika hata mara moja.